Huyo si jike la kwezi, ni ndege mwingine

Mwanafunzi mmoja wa gredi ya nane anayeishi mtaa wa Buruburu, Nairobi, ameniandikia barua ya kurasa mbili, na ndani yake mna kesi. Ameniomba niwe hakimu. Kwa kawaida mimi huwa siingilii mambo ya nyumba za watu, lakini kesi hii inahusu ndege, na nadhani inazikumba familia nyingi zinazopenda kutoka mjini siku za likizo. Basi nimekubali kuketi kitini.

Kisa chenyewe ni hiki. Mwezi wa Agosti familia yake ilikwenda Naivasha kutembea. Walitandika leso chini ya migunga karibu na ziwa, mama akafungua vyombo vya chakula, na kabla hata chapati hazijagawanywa wakazungukwa na ndege wadogo wasiojua haya, wenye migongo ya buluu inayometameta na matumbo mekundu. Binti huyu aliwatazama kwa muda akagundua jambo. Baadhi yao walikuwa na mstari mweupe kifuani, na wengine hawakuwa nao. Akamwambia baba yake kwamba hao ni ndege wa aina mbili.

Baba akacheka. Akasema ni aina moja tu; wenye mstari ni madume na wasio nao ni majike, kwani hata jogoo na tetea hawavai nguo sawa. Binti akabisha. Baba akashikilia lake. Mama akaingilia kati, akamwambia binti aache kushindana na baba yake mbele ya wageni, na mazungumzo yakafia hapo. Anasema walirudi nyumbani kimya, na mpaka leo kaka zake wanamwita profesa.

Nitatoa hukumu mapema ili asiye na nafasi ya kusoma hadi mwisho asibaki gizani. Binti ana haki. Hao walikuwa ndege wa aina mbili. Lakini wewe mzee wangu, tafadhali usilikunje gazeti kwa hasira, kwa maana hoja yako haikuwa ya kupuuzwa. Kwa ndege wengine wengi ungeshinda kesi hii asubuhi na mapema. Mtazame chozi anayenyonya maua nyuma ya nyumba: dume anang'aa kama kito na jike lake ni la kijivu-kijivu tu, hata ungedhani hawajuani. Mtazame mnana, mtazame tausi. Mtu aliyezoea ndege kama hao ana kila sababu ya kudhani kwamba ndege wawili wanaokula pamoja, wenye umbo moja na mavazi yanayokaribiana, ni mume na mke.

Kwa ndege wa Naivasha, hata hivyo, kanuni hiyo haifanyi kazi. Dume na jike wao huvaa sare moja kama watoto wa shule. Watafiti wanaowachunguza kwa miaka mingi hawategemei macho kuwatambua dume na jike. Huchukua tone la damu ya ndege na kulipima katika maabara. Kwa hivyo ukiona wawili wasiofanana, mmoja ana mstari na mwingine hana, ondoa kabisa wazo la mume na mke.

Hebu sasa tuwajue kwa majina. Wote wawili ni kwezi, na kuna wanaotamka kwenzi. Wa kwanza ni yule ambaye vitabu vya Kiingereza humwita Superb Starling, nasi tutamwita kwezi maridadi. Wa pili vitabu humwita kwa jina la Mjerumani mmoja, Hildebrandt, nasi tutamwita hivyo hivyo, kwezi wa Hildebrandt, ingawa nakiri jina hilo linatafuna ulimi. Wote ni wadogo kuliko njiwa, urefu wao ni kama sentimita 18 kutoka mdomo hadi mkia. Wote wana vidoa vyeusi kwenye mabawa, kama mtu aliyewadondoshea wino. Wote hutembea ardhini kwa miguu, hatua kwa hatua, wakitafuta wadudu, na wote hula matunda na mbegu pia. Si ajabu kuwakuta katika kundi moja, na hilo ndilo lililoizua kesi.

Tofauti ziko tatu ambazo mtu yeyote anaweza kuziona bila darubini, akiwa mtulivu.

Anza na jicho. Jicho la kwezi maridadi mzima ni jeupe kama maziwa, na kwa kuwa kichwa chake ni cheusi, jicho hilo hutokeza kama kifungo cha shati. Jicho la kwezi wa Hildebrandt ni jekundu linaloelekea rangi ya chungwa, kama kaa la moto lililopulizwa. Hata kichwa chake ni cha buluu ing'aayo, si cheusi kama cha mwenzake.

Teremka kifuani. Kwezi maridadi ana kifua cha buluu, halafu mkanda mwembamba mweupe, halafu tumbo lenye rangi ya matofali. Mkanda huo umekatwa vizuri kama mshono wa fundi. Kwezi wa Hildebrandt hana mkanda. Buluu ya kifua chake inakutana moja kwa moja na rangi ya chungwa, na rangi hiyo huanza kwa upole hapo juu kisha hukolea kadiri inavyoteremka tumboni.

La tatu ni sehemu ambayo watu wengi hawaitazami kabisa, nayo ni chini ya mkia, pale manyoya madogo yanapofunika shina la mkia kwa upande wa tumbo. Kwa kwezi maridadi hapo ni peupe. Kwa kwezi wa Hildebrandt hapo ni pekundu-pekundu, rangi ile ile ya tumbo. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, wahenga walinena, na hapa wanasemwa kwa maana yao halisi. Mngoje ndege aruke atue juu ya tawi au waya wa seng'enge, kisha mtazame kutoka chini.

Nimeliweka hili la mkia mwishoni kwa makusudi, maana ndilo linalookoa watu katika mtego mkubwa, nao ni mtego wa watoto. Kinda la kwezi maridadi likitoka kiotani halina jicho jeupe. Jicho lake ni la giza. Mkanda wake mweupe nao huwa hafifu, pengine usiuone, na rangi zake zote zimefifia kama kanga iliyofuliwa mara nyingi. Anayemtazama haraka humwona kwezi asiye na mkanda na asiye na jicho jeupe, akasema bila kusita kwamba huyo ni wa Hildebrandt. Kumbe ni mwana wa maridadi. Ukipata shaka ya namna hiyo, uliza mkia: peupe chini yake, ni maridadi, hata awe mdogo namna gani. Kisha ngoja kidogo uone ni nani atakayekuja kumlisha.

Wapo wanaoniuliza kwa nini ndege hawa huonekana buluu saa nne asubuhi, na saa kumi na moja jioni wakiwa kivulini wakaonekana weusi kama kunguru. Jibu lake ni tamu kidogo, na nawaomba walimu wa sayansi walichukue.

Buluu ile haikupakwa. Katika unyoya wa kwezi hakuna rangi ya buluu ambayo ungeweza kuikamua ukaitia kwenye chupa. Ndani ya unyoya mna chembe ndogo sana za rangi nyeusi, bapa, nyingine zenye uwazi ndani kama mrija, zimepangwa kwa tabaka kama karatasi za daftari. Mwanga ukigonga tabaka hizo unarudishwa kwa namna ambayo buluu na kijani huongezeka nguvu na rangi nyingine hufifia. Ni jambo lile lile unaloliona kwenye dimbwi la maji karibu na gereji ya jua kali. Mafuta kidogo juu ya maji huonyesha rangi zote za upinde wa mvua, na ukihama hatua moja rangi zinahama nawe. Ukikosekana mwanga, inabaki ile nyeusi ya asili.

Rangi ya tumbo ni habari nyingine. Hiyo ni rangi kweli, imo ndani ya unyoya kama rangi ilivyo ndani ya matofali, na haibadiliki ukigeuka huku wala kule. Ndiyo maana nawasihi msibishane juu ya mgongo. Nimewasikia watu wazima wakigombana, mmoja anasema ndege alikuwa wa kijani, mwingine anasema zambarau, na wote wawili walikuwa wakweli kwa pale walipokuwa wamesimama. Tumbo, mkanda, jicho na mkia ndio mashahidi wa kuaminika. Mgongo ni shahidi anayebadilisha maneno kila anapoulizwa.

Kwa upande wa sauti sitakawia. Kwezi maridadi ni mpiga gumzo, hukaa kivulini wakati wa jua kali akiporojoka kwa muda mrefu bila kituo. Wa Hildebrandt ni mtaratibu zaidi, sauti yake ni nzito kidogo, na huonekana zaidi wawili wawili au katika kundi dogo. Lakini kujifunza sauti kutoka gazetini ni kama kujifunza kuogelea kitandani, basi tuliache.

Huyu Hildebrandt alikuwa nani hata ndege wetu akabeba jina lake? Johann Maria Hildebrandt alikuwa mkusanyaji wa mimea na wanyama aliyezaliwa Ujerumani mwaka 1847. Alizunguka pwani ya Afrika Mashariki, akaingia bara, na mwaka 1877 akafika Ukambani. Ndege aliowapeleka Ulaya walichunguzwa na mtaalamu aitwaye Jean Cabanis, ambaye mwaka 1878 alimwandika kwezi huyu katika vitabu vya sayansi na kumpa jina la msafiri. Hildebrandt mwenyewe hakuzeeka, alifia Madagaska mwaka 1881. Kwezi maridadi aliandikwa mapema zaidi, mwaka 1845, na Mjerumani mwingine, Eduard Rüppell. Bila shaka Wakamba walikuwa wakiwaona ndege hawa wakiokota kumbikumbi mashambani mwao kwa karne nyingi kabla Cabanis hajashika kalamu, lakini hiyo ni makala ya siku nyingine.

Sasa nifike kwenye jambo linalonifanya niichukulie barua ya binti huyu kwa uzito kuliko anavyofikiri.

Kwezi maridadi ana nchi nyingi. Utamkuta Ethiopia, Somalia, Sudan Kusini, Uganda, Kenya na Tanzania. Hapa kwetu yuko Laikipia, yuko Mara, yuko Amboseli, na ukipanda kaskazini hadi Marsabit na Lodwar bado atakuja kukutazama ukinywa chai. Kwezi wa Hildebrandt hana upana huo. Makao yake ni Kenya na Tanzania, basi. Yuko katika nyika zenye miti za kusini na katikati ya nchi yetu, na upande wa kaskazini wa Tanzania. Mtu anayetoka Japani au Uholanzi na kutaka kumwona ndege huyu akiwa huru hana budi kukata tikiti ya kuja kwenye nchi hizi mbili. Na huyo ndiye tuliyekuwa tukimwita jike la mwenzake.

Si kwamba yuko hatarini leo. Wataalamu wa uhifadhi duniani hawamhesabu miongoni mwa ndege wanaotoweka, wala kwezi maridadi, na sitaki mtu aondoke hapa na hofu ambayo sikumpa. Lakini namna anavyoishi inatofautiana na ya mwenzake mahali pamoja penye uzito, napo ni nyumbani.

Kwezi maridadi anajua kujenga. Hukusanya vijiti na nyasi akatengeneza kiota chenye paa, mara nyingi ndani ya mti wa miiba, na anaweza pia kutumia shimo akilipata. Hutaga mayai ya rangi ya buluu inayoelekea kijani, kwa kawaida manne, na huyaatamia kwa muda wa siku 12 hivi. Ukikata mti wake mmoja, bado ana nafasi ya kujaribu mwingine wenye miiba.

Kwezi wa Hildebrandt anataka shimo. Shimo la mti mkavu, shimo la zamani la kigong'ota, shimo kwenye nguzo ya ua au nguzo ya simu, hata uwazi ndani ya nguzo ya taa ya barabarani. Mwenyewe hana mdomo wa kutoboa mti. Anapanga kama tunavyopanga sisi hapa mjini, na nyumba zake ni zile ambazo binadamu huziona ni takataka. Mti uliokufa ukiwa wima huwa ndio wa kwanza kuangushwa na mchoma makaa, kwa kuwa hakuna anayemwuliza kwa nini. Nguzo ya mbao iliyooza huondolewa ikawekwa ya chuma au ya zege, ambayo haiotwi shimo kamwe.

Basi fikiria eneo ambalo miti mikavu yote imeondolewa. Kwezi maridadi ataendelea kuruka-ruka mezani na kuomba makombo. Aliyezoea kusema kuna kwezi wengi hapa atasema vivyo hivyo mwaka huu, mwaka ujao na mwaka wa kumi, wala hataona kwamba mmoja wao aliondoka zamani. Hawezi kumkosa ndege ambaye hakuwahi kujua kwamba yupo.

Hii ndiyo sababu kuna watu ambao wameufanya ubishi wa aina hii kuwa kazi. Mwaka 1989 Adrian Lewis na Derek Pomeroy walitoa kitabu cha ramani za ndege wa Kenya, wakionyesha kila aina ilikoonekana. Tangu mwaka 2013 kuna mradi mwingine uitwao Kenya Bird Map, ambao umeigawa nchi katika miraba midogo ya kama kilomita 9 kwa 9, na raia yeyote anaweza kupeleka orodha ya ndege aliowaona katika mraba wake, hata kwa simu. Ukilinganisha ramani za zamani na za sasa unaona nani amebaki, nani amehama na nani hayupo. Lakini ramani haiwezi kuwa na akili kuliko watu walioijaza. Orodha inayosema kwezi tu haimsaidii mtu. Na orodha iliyomwandika kinda la maridadi kuwa Hildebrandt ni mbaya zaidi, kwa sababu inamweka ndege mahali ambapo hayupo, na mtu anayetaka kujua kama ametoweka ataambiwa yupo salama.

Kabla sijaendelea, sitaki msomaji adhani kwezi maridadi ni wa kudharauliwa kwa kuwa ni wengi. Maisha yake yana mambo. Kule Mpala, Laikipia, watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia cha Marekani wamekuwa wakiwafuatilia ndege hawa kwa zaidi ya miaka 20, wakiwavisha vipete vya rangi miguuni ili kila mmoja ajulikane. Wamekuta kwamba huishi katika makundi ya ndege 7 hadi karibu 60, na kwamba ndege wasiotaga msimu ule huwasaidia wanaotaga kulisha makinda na kulinda kiota. Ilidhaniwa wanasaidia jamaa zao tu. Katika utafiti uliotolewa mwaka 2025, uliotumia kumbukumbu za kuanzia mwaka 2002 hadi 2021, ilionekana kwamba husaidia pia wasio wa damu yao, na kwamba aliyesaidiwa msimu mmoja huja kumsaidia aliyemsaidia msimu mwingine. Kwa lugha ya nyumbani, wana chama. Mama zetu wanaochangiana kila mwezi hawana haja ya kuelezwa zaidi.

Na Amboseli, katika miaka ya 1980, watafiti Dorothy Cheney na Robert Seyfarth waligundua kwamba tumbili humsikiliza kwezi maridadi. Ndege huyu ana mlio mmoja wa hatari anapoona mnyama wa ardhini na mwingine anapoona ndege mwindaji juu. Watafiti walinasa milio hiyo wakawachezea tumbili, na tumbili waliposikia wa kwanza walielekea mitini, waliposikia wa pili wakatazama angani. Binadamu aliyekula chapati yake chini ya mti huo huo hakuna alichosikia ila kelele.

Neno kuhusu chapati. Katika mbuga na hifadhi za taifa, sheria hairuhusu kuwalisha wanyama na ndege, nao hao kwezi wamo. Najua wanavyosimama mbele yako wakikutazama kama mtoto asiyepewa. Vumilia tu, chakula chao kiko nyasini.

Kwa wale watakaokwenda upande wa Tsavo, nawaachia onyo dogo. Kuna kwezi wa tatu, wa Shelley, ambaye hutoka kaskazini, Ethiopia na Somalia, akaja mashariki mwa Kenya wakati ambapo hatagi. Naye ana jicho la rangi ya chungwa na hana mkanda mweupe, kwa hivyo anamfanana sana wa Hildebrandt. Mtazame tumbo lake. Ni la hudhurungi iliyokolea sawasawa kutoka kifuani hadi chini, halina ile rangi nyepesi ya kifuani niliyoitaja. Mkiwa Naivasha au Nakuru msijisumbue naye. Huko atakayewachanganya ni kwezi mwingine wa buluu tupu, mwenye jicho la manjano na asiye na wekundu wowote tumboni, na huyo mtamtenga mara moja.

Wanaotaka kujifunza wakiwa na mtu wa kuwaonyesha, shirika la Nature Kenya, ambalo mizizi yake ni chama kilichoundwa mwaka 1909, huwa na matembezi ya kutazama ndege Nairobi kila Jumatano asubuhi, yanayoanzia Makumbusho ya Taifa. Yalianzishwa na Bi. Fleur Ng'weno mwaka 1971. Wanafunzi huwa darasani siku hiyo, lakini likizo zipo, na shule nyingi zina tawi la Wildlife Clubs of Kenya, chama kilichoanzishwa mwaka 1968. Darubini ikipatikana ni vizuri. Isipopatikana, daftari na penseli vinatosha: andika rangi ya jicho, mkanda upo au haupo, chini ya mkia ni peupe au pekundu, na mahali ulipokuwa umesimama. Piga na picha kwa simu, hata iwe mbaya. Picha mbaya inayoonyesha mkia ina faida kuliko picha nzuri ya mgongo.

Sasa nirudi kwa mwandishi wa barua. Mwanangu, umeshinda, lakini usiipeleke hukumu hii mezani kama bendera. Mwombe baba yako mwende tena, safari hii umwonyeshe mkia kabla hujamwambia kitu, umwache ajionee mwenyewe. Na wewe mzee, umelea mtoto anayetazama kitu mara mbili kabla ya kusema. Mvua za vuli zikianza ndege hawa huanza kutafuta pa kutagia. Zungukeni hapo mlipoketi mkague nguzo za ua zile kuukuu za mbao, moja moja, mkiwa mbali kidogo ili msiwasumbue. Mkiona shimo lenye kinyesi cheupe mdomoni mwake, ketini mngoje dakika kumi. Akitoka ndege mwenye jicho la kaa la moto, niandikieni.